Shimo, Jabali na Mvuke: Historia ya Kikwazo cha Hatari kutoka Ol Njorowa hadi Mchezo wa Vidio

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulika kwa muda mrefu na mgogoro, yaani mvutano baina ya wahusika, matabaka au mawazo. Kikwazo hakijapewa nafasi kama hiyo. Shimo lililo njiani, jabali linaloporomoka, moto unaotoka ardhini na maji yanayofurika ghafla huhesabiwa kuwa sehemu ya mandhari tu, vitu ambavyo shujaa huvipita ili hadithi ipate kuendelea. Makala haya yanashikilia kwamba mtazamo huo hautoshi. Kikwazo cha hatari kina historia yake, na historia hiyo inaweza kufuatwa kutoka kwenye masimulizi ya mdomo hadi kwenye riwaya, kutoka riwaya hadi filamu, na hatimaye hadi kwenye utanzu ambao idara nyingi za fasihi zimewaachia watoto na wafanyabiashara: mchezo wa vidio wa majukwaa.

Mchezo wa majukwaa ni ule ambamo mchezaji humwongoza mhusika mmoja akimbie, apande na aruke kutoka jukwaa moja hadi jingine, huku akikwepa vitu vilivyowekwa ili kumwua. Ulistawi katika miaka ya 1980 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Hadithi yake huwa fupi sana: mtu ametekwa, hazina imefichwa, ufalme umeporwa. Kinachobaki ni vikwazo. Kwa hiyo mhakiki anayetaka kujua kikwazo ni nini katika usimulizi hawezi kupata mahali pengine ambapo kimesimama wazi kiasi hicho.

Bonde la Ufa la kati, kuanzia Longonot na Naivasha hadi Nakuru, limechaguliwa kuwa uwanja wa mjadala huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ya mashimo ya volkano, makorongo na mvuke, na wakaazi wake wameisimulia kwa namna yao. Pili, nchi hii iliingia katika historia ya kikwazo cha kisasa zaidi ya mara moja, katika maandishi ya wasafiri, katika filamu na katika mchezo wa vidio, na katika nyakati hizo zote walioisimulia kwa ulimwengu walikuwa wageni. Hoja yetu ni kwamba kila kikwazo katika usimulizi kimewekwa na mtu fulani kwa sababu fulani, na kwamba safari yake kutoka simulizi hadi mashine ni safari ya kuvuliwa sababu hiyo na kuvikwa nyingine.

Kikwazo katika Masimulizi ya Mdomo

Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, aliorodhesha kazi 31 za wahusika, na miongoni mwake akaonyesha jinsi shujaa anavyojaribiwa kabla ya kupewa msaada, na jinsi anavyopewa kazi ngumu kabla ya kutambuliwa. Faida ya mtazamo huo ni kwamba unamlazimisha msomaji kuuliza ni nani anayemjaribu shujaa. Jaribio lina mwenyewe.

Fasihi ya Kiswahili inatupa mfano bora kuliko wa Propp. Katika utendi wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad Kijumwa aliuandika mwaka 1913, maadui wa Liyongo wanaandaa kikoa cha makoma. Kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake na kuwaangushia wenzake matunda. Zamu ya Liyongo itakapofika, atapigwa mishale akiwa juu ya mti. Hiki ni kikwazo kamili: mahali pa juu, mwili ulio wazi, hatari inayongoja chini. Liyongo hapandi. Anauchukua upinde wake na kuyaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama ardhini. Yapo mambo matatu hapa ya kuzingatia. Kikwazo kimewekwa na watu wanaojulikana. Kimewekwa kwa sababu ya kisiasa, yaani hofu ya mtawala wa Pate. Na shujaa anakishinda kwa kukataa masharti yake: anaipokea zamu yake, lakini anakataa mti.

Tukitoka pwani na kupanda hadi Bonde la Ufa, tunakuta simulizi la namna nyingine lakini lenye mantiki iyo hiyo. Katika Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, kuna nguzo ya mwamba wa volkano yenye urefu wa mita 25 hivi, ambayo ramani huiita Mnara wa Fischer. Masimulizi yanayonasibishwa na Wamaasai husema kwamba nguzo hiyo ni binti aliyekuwa akisindikizwa kwenda kuolewa. Mila ilimkataza bibi harusi kugeuka nyuma na kutazama nyumbani kwao. Alipogeuka, akawa jiwe. Msomaji wa Biblia au wa Kurani atamkumbuka mkewe Lutu, na wachunguzi wa visasili watamkumbuka Orpheus wa Wayunani. Lakini mwamba wa Ol Njorowa una sababu yake. Unasimulia uchungu wa msichana anayeondoka kwao, na unampa hadhi ya kuchagua. Angeweza kutogeuka. Hatari haikumvamia kutoka nje. Ilikaa katikati ya upendo wake kwa wazazi na wajibu wake kwa mila. Jiwe lilibaki mahali pale ili kila apitaye auone uchaguzi ule.

Kutoka Longonot hadi Mashimo ya Mfalme Sulemani

Jina la Kiingereza la Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu, pamoja na lile la Mnara wa Fischer, yanatokana na mwaka 1883, wakati ambapo Mjerumani Gustav Fischer na Mskoti Joseph Thomson walifika sehemu za Naivasha katika safari tofauti. Tendo la kubatiza ni tendo la kifasihi. Korongo lililokuwa na jina la Kimaasai, Ol Njorowa, na mwamba uliokuwa binti wa watu, vilipewa majina ya safari: lango linalotisha, na mnara wa mtu aliyefika. Kuanzia hapo mwamba ulianza kusomwa kama kitu kilichosimama mbele ya msafiri.

Thomson alipanda Longonot, na katika kitabu chake Through Masai Land kilichotolewa mwaka 1885 anaeleza alivyofika ghafla kwenye ukingo wa shimo la volkano na kushikwa na mvuto wa ajabu wa kutaka kujitupa ndani. Sehemu hiyo inastahili kusomwa kwa makini. Ndani yake hakuna Mmaasai, wala mila, wala simulizi la mahali. Kuna mtu mmoja, ukingo mmoja na hamu ya kuruka. Msamiati mzima wa mchezo wa majukwaa umo humo, karibu karne moja kabla ya mchezo wenyewe kubuniwa.

Mwaka huo huo wa 1885 H. Rider Haggard alichapisha King Solomon's Mines, na mwaka 1887 Allan Quatermain, riwaya ambayo wahusika wake wanaanzia safari yao Lamu na kupigana na Wamaasai. Wahakiki wameonyesha kwamba baadhi ya visa vya Haggard, hasa kile cha meno bandia yanayowashangaza wenyeji, vinafanana na visa ambavyo Thomson alivisimulia. Kwetu sisi jambo la msingi ni jinsi Haggard alivyokipanga kikwazo. Jangwa lisilo na maji, mlima wa theluji, pango la wafu, na mwishowe mlango wa mwamba unaoshuka na kuwafungia wageni ndani ya hazina: vyote vimepangwa kwa mfuatano, kimoja kigumu kuliko kingine, na mwisho wake ni mali. Anayeuangusha mlango huo ni Gagool, mwanamke mzee wa Kiafrika, na ni yeye anayepondwa chini yake. Hivyo Mwafrika ndiye mtega mtego na ndiye mwathiriwa wake, na mgeni aliyeupita anahesabiwa kuwa amejipatia haki ya kuchukua almasi. Hii ndiyo sababu mpya ambayo kikwazo kilivikwa. Katika utendi wa Liyongo mtego ulifichua uovu wa mtawala. Katika riwaya ya Haggard mtego unahalalisha uporaji.

Msomaji wa Kiswahili aliipata riwaya hiyo mapema. Tafsiri ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, na vitabu vya aina hiyo vilisomwa shuleni kwa miongo kadhaa. Neno alilolichagua lina uzito kuliko pengine alivyokusudia. Mgodi ni mahali pa kazi na mali. Shimo ni mahali pa kutumbukia. Kwa hiyo kizazi kizima cha wasomaji wa Afrika Mashariki kilijifunza, kwa lugha yao wenyewe, kuitazama ardhi ya bara kama mfuatano wa mashimo ambayo mtu mwingine anayapita.

Kikwazo Kinapogeuzwa Mashine

Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Donkey Kong, mchezo uliobuniwa na Shigeru Miyamoto. Sokwe mkubwa amemteka mwanamke na kukaa naye juu ya jengo. Fundi mdogo anapanda ngazi kumfuata, na mapipa yanabingirika kumjia. Mwaka uliofuata David Crane wa kampuni ya Activision alitoa Pitfall!, ambamo mhusika aitwaye Harry hukimbia msituni kwa dakika 20 akitafuta hazina 32, akiruka magogo yanayobingirika, nge, mamba na mashimo yanayofunguka na kufumba. Jina lenyewe la mchezo lina maana ya mtego wa shimo. Si lazima kudai kwamba Crane alikuwa na Haggard mezani. Riwaya ya Haggard ilikwisha kuzaa familia ya hadithi na filamu za visa vya kusisimua, na picha ya mzungu mmoja katika msitu wenye mitego ilikuwa mali ya wote. Mashine ilichukua picha hiyo na kuisafisha. Mashujaa wa Haggard walikuwa angalau na maneno mengi ya kujieleza. Harry hana neno hata moja.

Ndani ya mashine kikwazo kilipata sifa tatu ambazo hakikuwa nazo awali. Sifa ya kwanza ni mizani. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, fimbo za moto katika ngome huzunguka kwa mwendo usiobadilika, na mabonge ya moto huruka kutoka kwenye ujiuji wa volkano kwa vipindi vinavyorudiarudia. Mchezaji anayekufa mara ya kwanza hujifunza, na mara ya kumi huruka kwa wakati wake bila kufikiri. Mwanafunzi wa ushairi wetu wa kimapokeo hatashangaa. Mizani na vina navyo ni vizuizi vilivyowekwa njiani mwa neno, na malenga hupata uhuru wake kwa kuvizoea. Kwa upande huu mchezo wa majukwaa ni sanaa, na haufai kudharauliwa.

Sifa ya pili ni usahaulifu. Shimo la Mario linaua na halikumbuki. Mchezaji ana uhai wa akiba. Akianguka, ulimwengu unarudi ulivyokuwa, na waliotangulia kuanguka hawaachi mfupa wala jina. Aidha, katika mchezo huo kiwambo husogea upande wa kulia tu, na mandhari ikishapita hairudi. Tulinganishe na binti wa Ol Njorowa. Yeye aliweza kugeuka na akalipa. Mario hawezi kugeuka, kwa kuwa nyuma yake hakuna kilichobaki cha kutazamwa. Katika simulizi, kukataza kugeuka kulikuwa sheria yenye maana kwa sababu ilikuwa inawezekana kuivunja. Katika mashine sheria imekuwa umbo la kiwambo lenyewe, na uchaguzi umekwisha.

Sifa ya tatu ni bei. Michezo ya mwanzo iliwekwa katika kumbi ambamo kila mchezo ulinunuliwa kwa sarafu. Kikwazo kilichokuwa rahisi mno kilimpa mchezaji muda mrefu kwa sarafu moja; kilichokuwa kigumu kupita kiasi kilimfukuza. Hatari ilipimwa kwa mapato. Michezo ilipohamia nyumbani sarafu iliondoka, lakini mantiki yake ilibaki, kama tutakavyoona. Mtega mtego alikuwa sasa ni mfanyabiashara, na kikwazo chake kilikuwa kituo cha ushuru.

Simba katika Korongo

Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya katuni The Lion King. Baadhi ya viongozi wa kazi hiyo walikuwa wamezuru Kenya mwaka 1991, na Hell's Gate hutajwa miongoni mwa maeneo yaliyowapa wachoraji sura ya nchi yao ya kubuni. Majina ya wahusika yalitolewa katika Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa, na fisi aitwaye Shenzi, neno ambalo lina historia chungu ya kuwadharau watu wa bara na ambalo walowezi nao walilitumia kwa Waafrika. Mwaka huo huo kampuni ya Westwood Studios ya Marekani ilitengeneza mchezo wa majukwaa kutokana na filamu hiyo. Kwa njia hiyo korongo la Bonde la Ufa, likiwa na majina ya Kiswahili lakini bila anwani, liliingia katika utanzu tunaouchunguza.

Mchezo huo una hatua kumi, na kwa msomaji wa Nakuru ni orodha inayofahamika kwa namna ya kutatiza. Katika hatua ya nne Simba mdogo anakimbia ndani ya korongo kumwelekea mtazamaji, huku nyumbu wakimruka kutoka nyuma na mawe yakimzuia mbele. Katika hatua ya tano, ya uhamisho wake, kuna miiba, nungu na majabali yanayobingirika. Hatua ya nane ni ya mapango ya volkano: mawe yanaanguka kutoka darini, ujiuji wa moto unatiririka chini, na mivuke inayofoka kutoka ardhini humwinua Simba kutoka jukwaa moja hadi jingine. Hatua ya sita inaitwa Hakuna Matata. Jina hilo linapingana na kilichomo, maana mchezaji anapaswa kupanda maporomoko ya maji kwa kurukia magogo yanayoanguka, kisha akabiliane na gorila. Mjuzi wa Kiswahili anaona kinaya hapo mara moja. Mtengenezaji, pengine, hakukiona. Kwake maneno hayo yalikuwa jina la wimbo na, baadaye, alama ya biashara: Disney iliomba kuyasajili mwaka 1994, na usajili wenyewe, uliokamilika mwaka 2003, ulizusha malalamiko makubwa Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 2018.

Hatua iliyowatesa wachezaji wengi zaidi, hata hivyo, ni ya pili, ambamo Simba anapaswa kurukia vichwa vya twiga, kumpanda mbuni na kuwafanya nyani wamrushe kwa mpangilio ambao hauelezwi popote. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, ameeleza hadharani miaka mingi baadaye kwamba ugumu huo uliongezwa kwa matakwa ya Disney. Wakati huo michezo ilikodishwa madukani kwa siku chache, na kampuni haikutaka mtoto aumalize mchezo kabla ya siku za kukodi kwisha, asije akaacha kuununua. Ushahidi huu ni wa thamani kubwa kwa mhakiki. Unatuonyesha, kwa kinywa cha mtengenezaji, nani aliyekiweka kikwazo na kwa nini. Nyani hawamzuii Simba kwa sababu ya kosa lake, wala kwa sababu ya hila ya amu yake, wala kwa sababu ya mila ya mbuga. Wanamzuia kwa sababu ya duka la kukodisha. Hadithi inazungumzia urithi wa ufalme. Kikwazo kinazungumzia urefu wa mkataba wa kukodi.

Duara lilikamilika mwaka 2003. Kampuni ya Core Design ya Derby, Uingereza, ilikuwa imetoa Tomb Raider mwaka 1996, mchezo uliopeleka mitego ya majukwaa katika pande tatu: miiba ya chuma, sakafu zinazobomoka, majabali yanayomfukuza Lara Croft katika makaburi ya kale. Filamu ya pili iliyotokana na mchezo huo, Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, iliyoongozwa na Jan de Bont, ilipigwa kwa sehemu katika Hell's Gate. Majabali yale yale yaliyopewa jina na wasafiri wa 1883, yakaingia katika familia ya riwaya za Haggard, yakageuzwa vikwazo vya mashine, sasa yalirudiwa na kamera ili yaigize vikwazo vya mchezo. Karne moja na miaka ishirini ilipita, na katika muda wote huo binti aliyegeuka kuwa jiwe alibaki pale pale bila kuulizwa jambo lolote.

Ardhi Inayokumbuka

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Mtu anaweza kusema kwamba jiwe ni jiwe, na kwamba mbunifu ana haki ya kuchukua umbo la nchi bila kubeba masimulizi yake yote. Pingamizi hilo lina nguvu. Sanaa huazima, na Kiswahili chenyewe kimeazima hadithi za Alfu Lela Ulela kutoka kwa Waarabu bila kuomba ruhusa. Lakini tunapaswa kupima kinachopotea, na katika Bonde la Ufa la kati kinaweza kupimwa.

Kaskazini mwa mji wa Nakuru kuna Menengai, shimo la volkano lenye upana wa kilomita 12 hivi kwa 8. Katika vita vya karne ya 19 baina ya jamii za Kimaasai, Ilpurko na washirika wao waliwashinda Ilaikipiak, na masimulizi husema kwamba morani wa Ilaikipiak walisukumwa hadi ukingoni na kutupwa chini. Jina la Menengai hufasiriwa na wengi kuwa linahusu maiti, na mivuke inayopanda kutoka chini imesimuliwa kuwa ni roho zao zinazotafuta njia ya kutoka. Wakikuyu waliokuja baadaye waliuita Kirima kia Ngoma, mlima wa pepo, na zipo hadithi za watu waliopotea humo kwa saa au siku, na za pepo wanaoonekana wakilima chini ya shimo. Mwanahistoria atauliza ni nini hasa kilichotokea. Mhakiki wa fasihi ana swali jingine: shimo hili linafanya kazi gani katika usimulizi? Linafanya kinyume cha shimo la Mario. Linakumbuka. Kila anayelikaribia anaambiwa ni nani walioanguka, nani aliwasukuma, na kwa nini ardhi bado inapumua. Hatari ya kutumbukia na historia ya jamii zimeshikana hivi kwamba huwezi kusimulia moja bila nyingine.

Mvuke nao una historia ya namna hiyo. Kituo cha kwanza cha umeme wa mvuke huko Olkaria, jirani na Hell's Gate, kilianza kazi mwaka 1981, mwaka wa Donkey Kong, na kufikia mwaka 1985, mwaka wa Super Mario Bros., kilikuwa na uwezo wa megawati 45. Upanuzi wa baadaye ulidai ardhi zaidi, na mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa ili kupisha kituo cha Olkaria IV. Malalamiko yao yalifika hadi Benki ya Dunia. Mvuke unaomwinua Simba katika hatua ya nane haudai chochote kwa mtu. Mvuke wa Olkaria umewaangazia watu wengi umeme na umewahamisha wengine makwao. Msimulizi anayeutumia mvuke kama chombo cha kurukia tu amekwisha kuchagua upande, hata kama hakujua.

Na korongo lenyewe huua. Mvua inaponyesha mbali, maji hushuka katika kuta nyembamba za Ol Njorowa ambamo jua linawaka, na mafuriko ya ghafla ya mwaka 2012 na ya mwaka 2019 yaliua wageni waliokuwa wakitembea humo. Maji hayo hayana mizani ambayo mtu anaweza kuikariri kwa kufa mara kumi. Anayejua ni yule aliyefundishwa kusoma mawingu ya mbali, na elimu hiyo hupokezanwa kwa mdomo. Hapa ndipo tofauti baina ya kikwazo cha mashine na kikwazo cha simulizi inapokuwa jambo la uhai. Mashine humfundisha mtu kwa kumrudisha mwanzo. Simulizi humfundisha kwa sababu hakuna kurudi mwanzo.

Hitimisho

Tumeona kwamba kikwazo kimebadilisha mwenyewe mara kadhaa. Katika simulizi kiliwekwa na mila au na adui anayetajwa, nacho kilimpa shujaa nafasi ya kuchagua na hata ya kukataa. Katika maandishi ya wasafiri kikawa ukingo mtupu mbele ya mtu mmoja. Katika riwaya ya kikoloni kikawa cheti cha kumiliki hazina. Katika mashine kikawa kipimo cha sarafu na cha siku za kukodi, ingawa pia kilipata mizani yake na uzuri wake.

Haitoshi kusema kwamba dawa ni Waafrika kutengeneza michezo yao wenyewe. Kazi hiyo ilikwisha kuanza. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa pande tatu ambamo shujaa wa kike anatafuta vitu vya kale vya Kiafrika, na wengi walimlinganisha Nyangi na Lara Croft. Ulinganishi huo unaonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Umbo lina urithi wake, na mtunzi anayelichukua umbo huchukua pia swali lililofichwa ndani yake: mali ni ya nani, na mtego umetegwa na nani?

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai kwamba fasihi simulizi iwekwe katikati ya masomo ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Dai hilo lilieleweka kuwa la kuokoa kilichopita. Uchunguzi wa kikwazo unaonyesha kwamba lilikuwa pia la kusoma yatakayokuja. Mwanafunzi aliyemwelewa Liyongo chini ya mkoma ana zana za kuuhakiki mchezo wa majukwaa ambazo mtengenezaji wake hana, kwa kuwa anajua kwamba lipo jibu la tatu zaidi ya kuruka na kuanguka. Idara zetu, na hasa zile zilizo katika Bonde lenyewe kama iliyoko Njoro, zina wajibu wa kukusanya masimulizi ya Ol Njorowa, Longonot na Menengai kwa makini zaidi kuliko yalivyokusanywa, kwa lugha za wenyewe na kwa Kiswahili, kabla ya umbo la nchi kuazimwa tena. Mbunifu ajaye atakayemsimamisha mhusika wake kwenye ukingo wa Menengai atakuwa basi na jambo la kumweleza kuhusu walio chini.